Maji Kwanza: Masasi na Newala kwa Gari la Kulala

Ukitaka kuwapeleka watoto wakapande majabali ya Masasi, halafu kwa safari hiyo hiyo wakamwamkie bibi yao huko juu Newala, anza kwa kuhesabu madumu. Godoro, jiko na hema vitafuata.

Nafundisha jiografia sekondari hapa Mtwara mjini, na likizo ya Juni ndiyo nafasi yetu ya mwaka. Huu ni mwaka wa sita tunafunga safari hii: mimi, baba watoto, na watoto watatu, ndani ya Hiace kuukuu ambayo mume wangu aling'oa viti vya nyuma akapigilia kitanda. Tunatoka Mtwara, tunashika barabara ya Lindi hadi Mnazi Mmoja, tunakata kushoto kufuata bonde la Lukuledi, tunapita Nyangao na Ndanda hadi Masasi. Baada ya Masasi tunapanda Newala kwa bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa mama, kisha tunarudi nyumbani kwa Tandahimba. Mzunguko wote ni kilomita 400 na kitu. Mwenye haraka anaumaliza kwa siku mbili. Sisi tunautumia siku nane, na bado watoto hulalamika kwamba ni chache.

Nieleze kwanza kwa nini nasema madumu. Mwaka wa kwanza tulifika kwa bibi gari likiwa limefunikwa vumbi jekundu mpaka vioo havionyeshi kitu. Nikamwambia kijana wangu mkubwa achukue ndoo mbili aoshe vioo. Watoto wakaoga kama wanavyooga mjini, na mimi nikafua. Bibi hakusema neno. Kesho yake alfajiri nikasikia mlio wa baiskeli. Mjukuu anayekaa naye alikuwa anaondoka na madumu manne matupu, mawili huku na mawili huku, na hakurudi mpaka saa 4 asubuhi, shati limelowa jasho. Mjomba akaniita pembeni akaniambia kwa upole, "Mpwa wangu, maji ya huku yana safari." Nilijisikia vibaya kuliko ambavyo angenikaripia. Mimi ndiye ninayesimama darasani kila mwaka kuchora ule uwanda ubaoni.

Kwa asiyejua, uwanda wa juu wa Makonde, ambako ndiko iliko Newala, ni kama sponji la mchanga. Mvua inanyesha vizuri tu, lakini maji hayakai juu. Yanazama chini, yanapita tabaka kwa tabaka, na kuja kutokea kwenye chemchemi za chini kabisa, inapoishia ile miteremko mikali ya ukingoni tunayoiita magenge. Ndiyo maana Ndanda, iliyo chini ya genge, ina maji ya chemchemi, na vijiji vya juu, ambako watu wamejaa na mikorosho imejaa, vinaishi kwa maji ya mvua yaliyovunwa bati kwa bati na kuhifadhiwa kwenye visima vya saruji uani. Miradi ya mabomba imekuwako tangu enzi za Mwingereza, na imesaidia sana, ila bomba linalotoka leo wiki ijayo linaweza kunyamaza. Mgeni anayepanda huko na madumu matupu anakunywa akiba ya mwenyeji wake, na mwenyeji kwa heshima yake hatamwambia.

Basi hesabu yetu ni hii. Tuko watano. Kila mtu lita 5 za kunywa na kupikia, na lita 5 za kuoga kwa kopo na kuoshea vyombo. Hizo ni lita 50 kwa siku. Kwa bibi tunakaa siku tatu, kwa hiyo lita 150, ambazo ni madumu saba na nusu. Tunabeba manane yetu na mawili ya bibi, jumla kumi. Lita 200 ni kilo 200, sawa na kubeba watu wazima watatu, na hapo ndipo gari linapohusika.

Kitanda kipimwe kwa dumu. Dumu la lita 20 lisimame wima chini ya mbao, na mkono wako upite juu yake uweze kulivuta bila kukwaruza vidole. Mume wangu alikosea mara ya kwanza kwa inchi moja tu, ikabidi madumu yalazwe, na dumu lililolazwa huvuja kwenye kifuniko hata ukaze namna gani. Yapange mbele ya ekseli ya nyuma, chini kabisa, uyafunge kwa kamba isiyonyumbuka. Usiyaweke kwenye keria juu ya paa. Kwenye kona za kupandia Newala utaona gari linavyotaka kulala upande. Kifuniko kiwekewe kipande cha nailoni kabla ya kukazwa, na dumu lililowahi kuwa na mafuta ya kula lisibebe maji ya kunywa kamwe, hata lisuguliwe kwa mchanga na sabuni mara kumi.

Mengine ya gari nitayapitia haraka. Godoro la inchi 4 linatosha. Sisi wazazi na kitinda mimba tunalala ndani, wakubwa wawili wanalala kwenye hema lililogusa mlango. Madirisha tumeshonea wavu wa mbu wenye sumaku ndogo pembezoni, na hema lina chandarua chake. Paneli moja ya sola juu ya paa na betri yake huwasha taa na kuchaji simu. Jiko ni la gesi, mtungi wa kilo 6, na tunapikia nje. Hapa naomba usikilize vizuri: Newala usiku wa Juni ni baridi yenye upepo, na mtu hushawishika kuingiza jiko la mkaa garini ili watoto wapate joto. Usithubutu. Ile hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na gari lililofungwa vioo linaua familia nzima usingizini. Beba mablanketi mawili ya ziada.

Chagua kati ya Juni na Septemba. Masika yetu huku ni moja, inaanza Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na barabara za udongo wakati huo si za kuchezea. Juni ina ubaridi mzuri wa kupanda milima. Agosti na Septemba ni kavu zaidi, ila ni kipindi cha kuchoma mashamba, na moto wa nyika unakimbia kuliko mtoto. Upande wa ndugu, baada ya mavuno ndipo shughuli za jando na unyago zinapoanza, kwa hiyo uliza mapema kama kuna mwali atatoka. Ukifika siku mbili baada ya ngoma utakuwa umewakosea, hata kama hukujua.

Kupiga simu nako kuna utaratibu. Sisi tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mimi na binamu yangu tunaongea kila siku, lakini taarifa ya safari naitoa kwa mjomba kwanza, wiki mbili kabla, naye ndiye anayemwambia bibi. Namtajia siku ya kufika, idadi ya watu, na kwamba tunakuja na gari la kulala. Hilo la tatu usiliache liwe la kushtukiza. Zawadi zitoke pwani: papa mkavu, dagaa, chumvi, sukari, na doti ya khanga kwa bibi. Korosho ziache. Huwezi kumpelekea korosho mtu wa Newala.

Siku ya kwanza tunalala Ndanda. Wabenediktini wako pale tangu 1906, kuna hospitali kubwa, na hewa ya chini ya genge ni ya ubaridi. Tunaomba mahali pa kuegesha kwa watu, tunalipia, hatuegeshi porini. Lakini madumu hatuyajazi yote siku hiyo, maana Masasi kuna maji na hakuna sababu ya kutembeza kilo 200 bure. Tunajaza manne tu, mengine tunayajaza Masasi asubuhi ya kupanda Newala. Mafuta ya gari pia jaza tangi Masasi.

Majabali ya Masasi huwezi kuyakosa. Yametokeza juu ya tambarare moja moja kama vichwa vya watu waliofukiwa hadi mabegani, Mtandi, Mkomaindo na mengine. Mtandi ndiko liliko kanisa kuu la Anglikana, na misheni ya hapo ilianza 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani. Hilo nawaambia watoto wangu tukiwa tumekaa juu, si chini, kwa sababu kutoka juu wanaona umbali ambao wale watu walitembea kwa miguu kutoka pwani ya Lindi, na hawahitaji maelezo mengi.

Kabla ya kupanda, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Jitambulishe, sema idadi yenu, omba kijana wa kuwaongoza na mpatane malipo hapo hapo mbele yake. Usipuuze hilo eti kwa kuwa nawe ni mwenyeji wa Mtwara. Majabali yana njia zake, yana makaburi, yana mahali pa matambiko, na yana nyuki. Kijana wa pale anajua mwamba upi una mzinga mwaka huu. Tuliwahi kugeuzwa katikati ya safari kwa sababu kijana aliona nyuki wawili watatu wakizunguka ufa mmoja. Mwanangu wa pili alinuna. Nilimwambia kijana asante, nikamlipa kamili.

Ondokeni saa 11 alfajiri, tochi kichwani, ili saa 2 mko juu na saa 4 mmeshuka. Jabali likishapata jua linatoa joto kutoka chini kama kikaango, na hakuna kivuli cha kujificha. Kila mtu abebe maji yake mwenyewe, lita 3 kwa mkubwa na lita 2 kwa mtoto, na ukifika nusu ya chupa zako ujue safari ya kwenda imekwisha, geuka hata kilele ukikiona. Weka chumvi kidogo na sukari katika chupa moja. Vaa raba zenye soli laini. Ndala hazifai kabisa, na buti ngumu huteleza kwenye mwamba mtupu. Ile michirizi myeusi inayoshuka ubavuni mwa jabali ni njia ya maji ya mvua. Ikiwa na umande wa asubuhi inateleza kama bamia, basi kanyaga penye rangi ya kijivu. Wakati wa kushuka mtoto akae upande wa mlimani, wewe upande wa bondeni.

Na upupu. Juni maganda yake yanaanza kukauka, yana manyoya ya kahawia yanayong'aa, mazuri kuangalia, na mtoto wa mjini atayashika. Manyoya hayo hupeperuka hata kwa upepo. Binti yangu aliyapata shingoni mwaka wa pili, na kilio chake kilisikika hadi kwenye nyumba za chini. Usimruhusu ajikune, na usimmwagie maji. Kijana wetu alichota jivu kavu jikoni kwa mama mmoja, akampaka, akawa anafuta kwa kushuka chini, upande mmoja tu, mara nyingi, mpaka manyoya yakatoka na jivu. Tangu hapo nabeba jivu kwenye mfuko wa nailoni, nimelichekecha, liko pamoja na dawa. Mikono mirefu na suruali ndefu kwa wote.

Siku ya nne tunapanda Newala. Mjini pale, ukingoni mwa uwanda, ndiko kuna Shimo la Mungu. Ardhi inakatika ghafla, na chini yake kuna bonde lote la Ruvuma limelala, na ng'ambo yake Msumbiji. Egesha gari mbali na ukingo, ingiza gia, weka jiwe nyuma ya tairi. Kuna njia za kuteremka, na hapa watu wengi hukosea hesabu. Mlimani unapanda ukiwa na nguvu na kushuka ukiwa umechoka. Gengeni ni kinyume chake, unateremka ukicheka na kazi yote iko kwenye kurudi, jua likiwa limeshawaka. Dakika 30 za kuteremka ni zaidi ya saa nzima ya kupanda. Sisi huteremka dakika 20 kwa kuangalia saa, kisha tunageuka. Ukiwa na mpango wa kufika vijiji vya mtoni, ripoti kwanza serikali ya kijiji, kwa sababu ule ni mpaka na watu wana haki ya kujua ni nani anazunguka. Mtoni wenyewe mna mamba na viboko, na madimbwi yaliyotuama yana kichocho. Watoto wasioge humo.

Sasa tumefika kwa bibi, na hili la kulala garini ndilo lililonifundisha adabu kuliko yote. Kwetu mgeni analala ndani. Ukifika ukasema "sisi tutalala garini," anachosikia mzee ni kwamba umeidharau nyumba yake, au unaogopa kitu. Mwaka wa kwanza nilisema hivyo, na bibi alininyamazia siku nzima. Usiku akawatandikia watoto mkeka chumbani kwake bila kuniuliza.

Mwaka uliofuata nilifanya hivi, na nakushauri ufanye hivyo. Tulipofika tuliingia ndani, tukakaa, tukasalimiana, shikamoo na marahaba za watu wote mpaka zikaisha. Tukala alichopika: ugali wa muhogo na kisamvu, na ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, kwenye sinia. Hatukugusa jiko letu siku hiyo. Usiku wa kwanza wakubwa wawili wakalala ndani kwake, mimi na baba yao garini. Asubuhi nikapika chai ya iliki na maandazi niliyokuja nayo, nikamwendea, nikapiga magoti kumwamkia, nikasema, "Bibi, karibu na kwangu." Nikamshika mkono hadi kwenye gari.

Alipanda taratibu akakaa ukingoni mwa kitanda. Akabonyeza godoro kwa kiganja, akalibonyeza tena. Akainama, akafunua shuka, akahesabu madumu kwa kidole. Akauliza haya mawili yenye kipande cha khanga kilichofungwa kwenye mkono ni ya nani. Nikamwambia ni yake. Alikunywa vikombe viwili vya chai huku mlango uko wazi, na kila jirani aliyepita alimwita: "Njoo uone nyumba ya mjukuu wangu!" Kuanzia hapo gari likawa nyumba, si kiburi. Mwanangu wa pili, ambaye bibi humwita "mume wangu," alipewa kazi ya kumwonyesha kila mgeni taa inavyowashwa kwa sola.

Mambo mawili ya uani. Muulize mjomba mahali pa kuegesha, wala usichague mwenyewe kivuli kizuri chini ya mkorosho. Juni wakulima wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, na wanapuliza alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Ile poda ya njano itaingia garini, machoni, na kwenye maji yako. Pili, kabla ya kwenda kutembea popote, omba kupelekwa makaburini. Sisi huenda asubuhi ya pili na mjomba, tunapalilia, watoto wanaambiwa majina. Baada ya hapo ndipo vijana wa ukoo hutuchukua kutembea njia za mashambani, na hayo ndiyo matembezi ninayoyapenda kuliko majabali, kwa sababu kila mti una mwenyewe na kila mwenyewe ni ndugu yetu kwa njia fulani.

Kurudi kwa Tandahimba kuna vipande vya lami na vipande vya mchanga na ujenzi. Mchangani punguza upepo kidogo kwenye matairi, usikanyage breki ghafla, na uwe na pampu ya kujazia tena ukifika kwenye lami. Gari likizama, chimba mbele ya matairi, tandika majani makavu au mbao, kisha ondoka gia ya pili polepole.

Muage bibi usiku, usingoje asubuhi. Asubuhi ataamka saa 10 kuwafungia korosho, mbaazi na unga wa muhogo, na mkianza kuagana tena mtaondoka saa sita na jua kichwani. Maji yetu yaliyobaki nayamimina kwenye mtungi wake, na yale madumu yake mawili nayaacha yamejaa, yamesimama ukutani jikoni. Mahali pake nachukua yale mawili matupu niliyomwachia mwaka uliopita, khanga ikiwa imeshapauka mkononi, nayarudisha chini ya kitanda.